Mbuni wangu wa dirishani

Jana nimeupima mbuni wangu, mti wa kahawa, kwa futi kamba: sentimita 84. Unaishi kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini niliyoitoboa chini, sebuleni kwangu Sakina, Arusha, ghorofa ya pili. Ndoo ni ndefu kwa makusudi, maana mzizi mkuu wa kahawa unashuka moja kwa moja.

Mbegu nilitoka nazo kwa mama, Kibosho, Kilimanjaro, miaka mitatu iliyopita msimu wa kuchuma. Nilimenya buni saba nyekundu, nikaosha ule utelezi, nikaanika punje kivulini na kuzipanda upesi, kwa kuwa mbegu ya kahawa ikikaa sana haioti. Wiki ya nane kikachomoza kijiti kilichopinda, kikanyooka na punje yake kichwani, bado ina ganda, kama mama aliyejitwisha debe. Ganda lilipodondoka yakafunguka majani mawili ya mviringo. Nilikuwa nayatazama kabla hata sijabandika chai.

Iliota mitano. Minne ilinifia, na bado inaniuma. Niliiweka dirisha la magharibi. Jua la saa tisa la Januari likababua majani. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji, mizizi ikaoza. Nikampigia mama.

"Mwanangu, kahawa ya kwetu umeiona wapi ikianikwa juani? Si iko chini ya migomba?"

Nimekulia kihambani, shamba la nyumbani la Wachaga, nimepita chini ya migomba ile kila siku nikienda shule, na sikuwahi kuwaza kwamba kile kivuli ndiyo makazi yake.

Uliobaki nikauhamishia dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Maji natia pale tu kidole kikizama hadi pingili ya pili na kukuta pakavu. Ukishikwa na kiu majani yananing'inia kama masikio ya mbuzi. Ukinywa, jioni yamesimama. Julai, baridi ikikaza, usiku nausogeza mbali na kioo. Jumamosi nafuta majani kwa kitambaa kibichi, na wale wadudu weupe kama pamba nawatoa kwa spiriti, mmoja mmoja.

Jirani huniuliza, "Dada, hii si ya shambani?" Ni ya shambani, ndiyo. Kahawa ilifika Kilema, hukohuko Kilimanjaro, na wamisionari mwaka 1898, ikasomesha watu wengi huku kwetu, mimi mmojawapo. Lakini mwaka jana kaka aling'oa mibuni ya nyuma ya zizi apande parachichi, na ule niliouchumia ukaenda nayo. Simlaumu, ana watoto wa kulisha.

Wiki hii nimeona vichomozi vidogo vya kijani kwapani mwa majani. Mama anasema ni maua: niunyime maji kidogo, kisha niumwagilie kwa wingi, kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Mbuni hujichavusha wenyewe, mmoja unatosha. Buni zikiiva, za kwanza zinapanda Coaster kurudi Kibosho.