Sauti iliyokwama Posta: kuipitisha seva ya mikutano kwenye ukuta wa moto wa ofisi

Ninaendesha seva ya BigBlueButton, programu huria ya madarasa ya mtandaoni, kwa ajili ya masomo ya jioni ya kikundi cha wahasibu wanaojiandaa na mitihani ya taaluma yao hapa Dar es Salaam. Wengi wao hutoka kazini saa kumi na moja, na kwa kuwa foleni ya Barabara ya Morogoro haimhakikishii mtu kufika Kimara kabla somo halijaanza, huona ni heri wabaki ofisini na kuingia darasani kwa kompyuta ya kazini.

Dada mmoja anayefanya kazi katika jengo lililoko Posta alikuwa akiniandikia ujumbe uleule kila Jumanne: anaona slaidi, anasoma maandishi ya wenzake, anaweza hata kuinua mkono, lakini hasikii neno, na baada ya sekunde chache skrini humwonyesha kosa namba 1007. Nilimshauri abadilishe spika za masikioni. "Kaka, hizi spika ni nzima, nimesikilizia taarabu mchana kutwa," alinijibu, na nakiri kwamba ushauri wangu ulikuwa wa kivivu, kwa sababu kosa hilo halihusiani na spika hata kidogo. Maana yake ni kwamba kivinjari na seva vimetafutana njia ya kupitishia sauti na havikuipata.

Slaidi na maandishi husafiri kwa HTTPS, yaani kwa TCP, itifaki inayorudia kutuma kilichopotea, kupitia poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) 443, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya tovuti salama. Sauti na picha hushika njia nyingine: husafiri kwa WebRTC, teknolojia ya vivinjari ya mazungumzo ya papo kwa papo, ambayo hupendelea itifaki ya UDP kwa kuwa UDP haisubiri pakiti (kipande cha data) iliyopotea, na BigBlueButton kwa kawaida huzitengea poti 16384 hadi 32768. Jitsi, programu nyingine ya mikutano, hutosheka na poti moja ya UDP, 10000, lakini mwisho wa safari ni uleule. Msimamizi wa mtandao wa ofisi aliyeuagiza ukuta wa moto, yaani kichujio cha mawasiliano yanayoingia na kutoka, kwamba kinachoruhusiwa kutoka ni TCP ya poti 80 na 443 tu, na kwamba UDP yote izuiwe, amekwisha kuifunga sauti nje bila hata kuikusudia. Simlaumu, mimi ningekuwa na kompyuta za watu mia mbili mikononi mwangu huenda ningefanya vivyo hivyo.

Kilichonipotezea wiki mbili ni kwamba nilikuwa nikijaribu kila badiliko nikiwa nyumbani Sinza, ambako hakuna ukuta wowote wa maana, na kila kitu kilifanya kazi. Hatimaye nilijijengea Posta yangu mwenyewe mezani: kwenye kompyuta yangu ya Linux nilizuia UDP yote inayotoka isipokuwa ile ya poti 53 ya kutafutia majina, nikazuia na TCP yote isipokuwa poti 80 na 443. Nilipoingia darasani, kosa 1007 lilitokea palepale. Kwa maoni yangu, anayetaka kuanza kazi hii aanzie hapo, kabla hajagusa faili lolote la usanidi, kwa sababu tatizo usiloweza kuliamsha mwenyewe huwezi kujua kama limeondoka.

Wenzangu kadhaa waliniambia nisanidi STUN, nikawasikiliza, haikusaidia. STUN ni kioo tu: kivinjari huuliza, "Mimi naonekana kwa anwani gani huko nje?" na kujibiwa. Jibu hilo linafaa kwa aliye nyuma ya ruta ya kawaida, lakini kwa mtu ambaye UDP yake haitoki kabisa, kujua anwani yake hakumfungulii mlango. Anachohitaji ni TURN, yaani seva ya kupokezana, ambayo hupokea sauti yake kwa njia anayoruhusiwa na kuifikisha kwenye seva ya mkutano kwa UDP ya kawaida. TURN hiyo ikisikiliza kwenye poti 443 na kufunika mawasiliano kwa TLS, usimbaji uleule wa tovuti salama, ukuta huona mawasiliano yaliyosimbwa yanayoelekea kwenye poti ambayo kila ofisi huiacha wazi.

Nilitumia coturn, programu huria inayofahamika zaidi kwa kazi hii. Kwa kuwa poti 443 ya seva ya mkutano ilikuwa tayari imeshikwa na nginx, programu inayohudumia kurasa za tovuti, niliikodia coturn seva yake ndogo yenye anwani yake ya IP. Matoleo mapya ya BigBlueButton yanaweza kuviweka vyote kwenye seva moja na kuiachia programu ya haproxy kazi ya kugawa wageni wa poti 443, lakini mimi napenda hitilafu zikae mbalimbali.

Usanidi wenyewe hauzidi mistari ishirini, ila ulinikwamisha mahali pasipo na dalili. Coturn huendeshwa na mtumiaji (akaunti ya mfumo) asiye na mamlaka makubwa, na Linux kwa kawaida haimruhusu mtumiaji wa namna hiyo kushika poti iliyo chini ya 1024, hivyo programu iliwaka, ikaonekana nzima, lakini kwenye 443 hapakuwa na mtu. Ilinibidi niiongezee ruhusa ya CAP_NET_BIND_SERVICE katika faili lake la systemd, mfumo unaowasha huduma za Linux. Mtumiaji huyohuyo hakuweza kusoma ufunguo wa siri wa cheti cha TLS nilichopewa na Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, kwa kuwa folda yake imefungwa kwa wote isipokuwa root, msimamizi mkuu wa mfumo. Tena seva niliyokodi ilikuwa na anwani ya ndani tofauti na anwani ya nje, na nilipokuwa sijaijaza external-ip, yaani mpangilio wa anwani ya nje, coturn ilikuwa ikiwaelekeza watu kwenye anwani ya ndani ambayo hakuna aliyeweza kuifikia.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba 443 ni mlango wa mbele tu. Upande wa nyuma coturn huzungumza na seva ya mkutano kwa poti za UDP ilizotengewa, ambazo kwangu ni 32769 hadi 65535, na zikifungwa mteja ataunganishwa vizuri kisha abaki kwenye ukimya. Nywila nayo isiwe ya kudumu: mpangilio wa static-auth-secret huiwezesha seva ya mkutano kumpa kila mwanafunzi nywila inayokwisha muda wake, na denied-peer-ip huzuia mgeni asiitumie seva yako kupenya kwenye mitandao ya ndani. TURN iliyoachwa wazi ni sawa na daladala isiyo na konda.

Kwa kupima, Firefox ina mpangilio uitwao media.peerconnection.ice.relay_only; ukiuwasha, kivinjari hulazimika kupita TURN hata kama kuna njia fupi. Mwanzoni seva yangu ndogo ilikuwa Ujerumani kwa sababu ya bei, na kipimo hicho ndicho kilichonionyesha upuuzi wa uamuzi huo: sauti ya mtu aliyeko Posta ilikwenda Ulaya na kurudi Dar es Salaam kabla haijafika kwa mwalimu. Niliihamishia kando ya seva ya mkutano.

Hata hivyo, sipendekezi kumpitisha kila mtu huko. Ndani ya TCP pakiti moja ikipotea zinazofuata huisubiri, na msikilizaji huyapata maneno yakiwa yamerundikana. Isitoshe, kila pakiti huingia na kutoka kwenye seva ya kupokezana, hivyo data huhesabiwa mara mbili. Kwa bahati nzuri vivinjari vinalijua hilo, kwani katika ICE, utaratibu wao wa kuchagua njia ya mawasiliano, njia ya moja kwa moja hupendekezwa uzito wa 126 na njia ya kupokezana uzito wa 0, kwa hiyo TURN hutumika pale tu nyingine zinaposhindikana.

Yuko mwanafunzi mmoja ambaye bado nilishindwa naye kiufundi. Ukuta wa ofisi yake hufungua TLS, hukagua kilichomo, kisha hufunga upya kwa cheti chake, na ukikuta ndani si HTTP hukata mawasiliano. Hapo hakuna hila, wala sidhani kama ni haki kuitafuta. Niliandika barua fupi kwa msimamizi wa mtandao wao, yenye anwani moja, poti moja na saa za masomo, akaturuhusu baada ya siku tatu.

Dada wa Posta alisikia darasa lake la kwanza kamili mwezi uleule, kisha Jumanne moja akaniandikia tena: 1007. Cheti changu cha Let's Encrypt kilikuwa cha siku 90; certbot, programu inayohuisha vyeti, ilikuwa imekihuisha bila tatizo, lakini coturn ilikuwa bado imeshikilia kile cha zamani ilichokisoma ilipowashwa. Nimeweka hati fupi ndani ya /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy inayonakili cheti kipya mahali coturn inapoweza kukisoma, kisha kuiwasha upya.