Siku Moja ya Mthamini wa Nyumba katika Bonde la Msimbazi

Saa moja asubuhi, kabla ya kwenda mitaani, ninapanga kumbukumbu za mauzo ya nyumba za Kigogo na Magomeni jijini Dar es Salaam, ambazo modeli yetu, yaani programu ya kompyuta ya kukadiria bei, itajifunzia. Bonde la Msimbazi hupotosha hesabu kwa urahisi, kwa kuwa nyumba nyingi zilizo jirani na mto ziko pia jirani na Kariakoo, kitovu cha biashara kinachopandisha bei. Kompyuta ikipewa umbali wa kutoka mtoni peke yake, inaweza kuhitimisha kwamba mafuriko hupandisha bei.

Saa tatu ninafika Kigogo nikiongozana na mjumbe wa shina. Mama mwenye nyumba anapokea shikamoo yangu, kisha ananionyesha mstari wa matope uliokauka ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa. Kizingiti cha mlango amekiinua kwa tofali na saruji, na miguu ya kitanda imewekwa juu ya matofali. “Anza kupima hapa, mwanangu, si kule mtoni,” ananiambia, na kitaalamu yuko sahihi kabisa: kimo cha sakafu kinaeleza hasara vizuri zaidi kuliko umbali.

Saa sita ninakagua nyaraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hofu ya kubomolewa hushusha bei hata pale ambapo maji hayajafika.

Saa nane mchana ninaoanisha vipimo na ramani za Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 ambapo wanafunzi na wakazi walichora mitaro na maeneo yanayojaa maji.

Saa kumi ninashughulikia jambo linalonigusa zaidi, yaani tarehe ya mauzo. Dalali humpeleka mteja bondeni wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, na kadiri miaka inavyopita tangu mafuriko makubwa kama yale ya Desemba 2011, wanunuzi husahau na punguzo la bei hufifia ilhali hatari ipo palepale. Kwa hiyo ninaingiza msimu na muda uliopita tangu mafuriko ya mwisho, kisha ninaijaribu modeli kwa mitaa ambayo haijaiona kabisa, kwa sababu nyumba za mtaa mmoja hufanana mno, na kuijaribu kwa mtaa iliojifunzia kungeipa sifa isiyostahili.

Saa kumi na moja ninaandika taarifa ya benki. Ninatoa bei ya soko la leo, na kando yake makadirio ya gharama za ukarabati kwa kipindi chote cha mkopo, ili familia inayokopa ione yote mawili kabla ya kutia saini.