Nani ana picha ya ule mlango wa Gongoni?

Juzi Jumamosi nimetoka sokoni nikakatiza mtaa wa Gongoni hapa Tabora ili nipite pale kwa marehemu bibi, nakuta ule msikiti mdogo wa kona tuliosomea madrasa umeshushwa wote mpaka chini. Tofali zimepangwa chini ya mwembe, mabati ya zamani yamelazwa pembeni, vijana wanachimba msingi mpya. Nilisimama pale na mfuko wangu wa michembe mpaka kijana mmoja akaniuliza dada unamtafuta nani.

Kwanza niseme siwalaumu waumini hata kidogo. Ule msikiti ulikua haubebi tena watu, Ijumaa nusu ya wanaume walikua wanaswali nje kwenye mikeka, jua la mwezi wa kumi la Tabora mnalijua, na mvua ikianza ndo kabisa. Wamechanga wenyewe, mwenye mfuko wa saruji kaleta, mwenye mia tano kaleta mia tano, mama ntilie wa pale jirani kila siku anawapikia mafundi bure. Watu wakijenga nyumba ya Mungu kwa jasho lao namna hiyo mimi nina nini cha kusema. Kilichoniuma ni mlango.

Waliokulia pale wanaujua. Mlango wa mabawa mawili ya mninga, mzito mpaka sisi watoto tulikua tunausukuma kwa mgongo, katikati una ule mfaa, mbao iliyosimama pale mabawa yanapokutana, uliochongwa maua yanapandana kutoka chini mpaka juu, na kwenye fremu mchongo wa mnyororo unazunguka wote. Pale chini usawa wa goti mchongo ulikua umeshafutika kabisa, mbao laini kama sabuni, kwa sababu ya mikono ya watoto miaka yote hiyo, kila anayevua ndala lazima ajishike pale. Na juu, kwenye kizingiti, kulikua na mstari wa maandishi ya Kiarabu. Bibi alikua akitupeleka madrasa anatusimamisha mlangoni kwanza, anasema haya someni, na sisi tunasoma Bismillah tunaishia hapo hapo kwa sababu maneno yanayofuata yalikua yamejaa chokaa na vumbi na hakuna aliyetufundisha. Miaka yote ile nimesoma neno moja tu, mstari ulikua mrefu kama mkono wangu wote.

Nikamfuata mzee mmoja aliyekua mwadhini pale zamani, nikamwambia shikamoo babu, mlango wa msikiti umewekwa wapi? Akaniitikia marahaba mjukuu wangu, akanyamaza, alafu akasema ulichukuliwa. Alikuja mtu na pikapu, sio mtu wa hapa, akatoa hela ambayo imetosha bati na misumari yake, watu wakaona heri, mbao yenyewe imeshaliwa na mchwa. Hakuna aliyeupiga picha. Kila mtu pale ana simu yenye kamera, na hakuna aliyeupiga picha, na mimi nimo, nimepita pale mara ngapi?

Sasa nimekua nasoma mambo haya siku hizi na kuna kitu nataka watu wa Tabora wakijue. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hiyo sheria jengo inalihesabu la kale lenyewe moja kwa moja kama limejengwa kabla ya mwaka 1863, likiwa la baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Kwahiyo misikiti yetu na makanisa yetu mengi yanaangukia nje, maana hata wamisionari wa kwanza walikua hawajafika huku mwaka huo. Lakini sheria hiyohiyo imetaja milango! Mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, hauuzwi hivihivi bila kibali. Wale wazee hawakulijua hilo na wala hakuna aliyewahi kuja kuwaambia, na huyo mwenye pikapu mimi naamini alijua vizuri sana.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama. Mama yangu ni Mkatoliki, Mnyamwezi wa Ng'ambo, kwaya ameimba toka msichana, msikiti ule ni wa upande wa baba ambao ni Wamanyema. Alikaa kimya, alafu machozi yakamtoka. Nikashangaa kidogo. Akasema we unadhani ule mlango uliletwa na nani, babu zangu walikua wapagazi, wabeba mizigo ya misafara.

Hilo neno sijaacha kulifikiria mpaka leo. Kwa sababu ni kweli kabisa. Huu mji ulikua kituo cha misafara, Waarabu wa Oman na watu wa pwani walishatulia hapa Unyanyembe, ndo eneo hili la Tabora, katikati ya miaka ya 1800, wapelelezi Waingereza Burton na Speke walivyofika Novemba 1857 enzi hizo wakipaita Kaze waliwakuta wana nyumba zao na bustani, na kulikua na tajiri Mhindi Musa Mzuri, Mwislamu wa jamii ya Khoja. Reli imefika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo chochote kilichotoka pwani kilikuja kwa miguu kutoka Bagamoyo, miezi mitatu na zaidi, na aliyebeba kwa sehemu kubwa ni Mnyamwezi. Misahafu ilikuja begani. Wale Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki wa Kardinali Lavigerie, walivyopita hapa mwaka 1878, wengine wakaelekea Ujiji wengine Uganda, mvinyo wa misa na vitabu vya sala havikutembea vyenyewe. Waingereza wa London Missionary Society waliokwenda kwa mtemi Mirambo kule Urambo mwaka 1879, na Wamoravian waliowapokea ile kazi mwaka 1898, Biblia zao nazo ni bega lilelile. Na mbao ya mlango kama ule, hata kama mninga ni mti wa hapahapa kwetu, lazima kuna bega liliutoa msituni mpaka mjini.

Kwahiyo mtu akiniambia we una mama Mkatoliki msikiti wa Gongoni unakuhusu nini, jibu langu ndo hilo. Ukitembea mjini kwa miguu nusu siku tu utapita Katedrali ya Mtakatifu Theresia, utapita Moravian, utapita jamatkhana ya Waismailia, na misikiti ndo usihesabu. Wanaosali humo hawasali pamoja, lakini hakuna hata nyumba moja ambayo watu wa hii ardhi hawakuibeba, kuifyatulia tofali au kuichotea maji.

Na hii sio habari ya msikiti peke yake. Makanisani ni hivyohivyo, parokia inapata hela kidogo kinachofuata ni dari la gypsum na vigae vya kuteleza, mabenchi ya zamani yanapasuliwa kuni. Namkumbuka mama alivyohangaika kuokoa benchi moja lililokua na majina yamekwaruzwa kwa kisu upande wa chini, majina ya waseminari, sasa hivi lipo barazani kwetu tunapukuchulia karanga. Nenda Kwihara, hapo si mbali na mjini, kwenye tembe, ile nyumba ya udongo ya paa bapa, aliyokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872, mlango wa kuchonga upo mpaka leo na wageni wanatoka nje ya nchi kuja kuuangalia wanalipa kiingilio. Ule umehifadhiwa kwa sababu Mzungu alilala ndani. Wa kwetu walipita watu wa kwetu karne nzima wakivua ndala, ukauzwa ukawa bei ya bati.

Sisemi tusijenge. Jengeni, pandisheni ghorofa, wekeni feni. Ila kabla ya nyundo ya kwanza mtu mmoja azunguke na simu apige kila ukuta, ndani na nje, apime kwa futi ya fundi mlango na mihrabu, akae na wazee wawili watatu awarekodi. Ni kazi ya asubuhi moja. Na kama kuna kitu kimechongwa kiingizeni kwenye jengo jipya, hata kama ni mlango wa stoo, hata kama ni kipande cha fremu tu ukutani.

Nimerudi tena jana kwa yule mzee na daftari. Kwenye ule mstari anasema baada ya Bismillah kulikua na jina la mwanamke, ndo aliyetoa kiwanja kiwe wakfu, alisikia hivyo kwa baba yake. Mzee mwenzie waliyekaa nae barazani akakataa, akasema lile lilikua jina la fundi aliyechonga. Wamebishana mpaka adhana ya alasiri. Mimi moyo wangu upo kwa yule mwanamke, bibi nae aliwahi kusema kiwanja kile kilikua shamba la mihogo la mama mmoja wa Kimanyema, lakini moyo sio ushahidi.

Sasa nina ombi. Harusi nyingi za mtaa ule zimefungwa pale, na Idi watoto walikua wanapigwa picha kwenye zile ngazi wamevaa kanzu mpya, wapiga picha wa zamani walikua wanapenda ule mlango. Kama nyumbani kwenu Tabora, au kwa shangazi aliyehamia Kigoma au Dar, kuna albamu ya zamani, naomba muitoe. Msiangalie bwana harusi, angalieni juu ya vichwa vya watu, pale kwenye kizingiti, muone kama maandishi yanasomeka.