Mama lishe, benchi na nyama ya kibudu

Tulikuwa mwaka wa pili wa shahada ya sheria pale Mlimani, Dar es Salaam, mhadhiri wetu wa sheria ya madhara alipotupeleka Mbagala kusaidia katika kambi ya siku moja ya msaada wa kisheria. Meza zilipangwa nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, wanafunzi wawili kwa kila meza, na mhadhiri, ambaye sote tulimwita Mwalimu na ambaye pia alikuwa wakili, akawa anazunguka nyuma yetu. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza na kuandika maelezo. Ushauri aliutoa yeye mwenyewe. Wengi waliofika walikuja na mirathi, talaka na mipaka ya viwanja. Mama wa makamo aliyeketi mbele yangu na mwenzangu alikuja na shauri la wali.

Alikuwa mama lishe, na kwa miaka mingi alikuwa amepika karibu na kituo cha daladala, akiuza sahani ya wali maharage kwa shilingi 1,500, mpaka mwanamke mwingine alipofungua kibanda upande wa pili wa barabara na kuuza sahani kama hiyo kwa shilingi 1,000. Makondakta walihama, wakafuatwa na madereva, kisha mafundi wa gereji. Hasara yake alikuwa ameiandika katika daftari la shule, siku kwa siku, kwa unadhifu ambao mawakili wengi wangeutamani kwa wateja wao. “Nataka mahakama imwondoe pale, mwanangu,” aliniambia, “na anilipe nilichopoteza.”

Mwalimu alipopitia maelezo yetu alitusogeza kando na kutuuliza swali moja tu: ni haki gani ya mama huyu iliyovunjwa? Mwenzangu alianza kutaja jumla ya hasara iliyokuwa ndani ya daftari. “Sijauliza amepoteza nini,” Mwalimu alimkatiza. “Nimeuliza amekosewa nini.”

Hapo ndipo ulipo mlango wa somo zima, na ni mlango ambao wanafunzi wengi huupita mbio kwa sababu vitabu huutolea ukurasa mmoja au miwili kabla ya kuingia kwenye sura ya uzembe. Sheria ya madhara hailipi kila maumivu. Hulipa pale ambapo mtu amevunja wajibu aliowekewa na sheria yenyewe, bila kutegemea mkataba, na uvunjaji huo ukagusa haki ya mwingine. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa mwaka 1410, ambapo walimu wa shule ya Gloucester, Uingereza, walimshitaki mwalimu aliyefungua shule nyingine katika mji huo huo na kuwalazimisha kushusha ada kutoka peni 40 kwa robo mwaka hadi peni 12. Mahakama iliwanyima nafuu, kwa sababu hasara yao ilikuwa ya kweli lakini aliyeisababisha alikuwa akitumia haki yake kama wao walivyotumia ya kwao. Upande wa pili wa kanuni hiyo uko katika shauri la Ashby dhidi ya White la mwaka 1703, la mpiga kura aliyezuiwa kupiga kura yake. Mgombea aliyemtaka alishinda hata hivyo, kwa hiyo hakupoteza chochote kinachohesabika, lakini alipata fidia kwa sababu haki yake yenyewe ilikuwa imevunjwa.

Kuyajibu hayo katika mtihani ni rahisi. Kumweleza mtu aliyebeba daftari lake kutoka nyumbani ni jambo jingine, na nilifurahi kwamba si mimi niliyepaswa kusema. Mwalimu aliketi, akalipitia daftari lote bila haraka, kisha akamwambia kuwa hasara ile haina ubishi, ila mwenzake hajavunja sheria kwa kupika wala kwa kuuza kwa bei ndogo.

“Kwa hiyo sheria inaruhusu mtu anyang’anywe riziki yake?” mama aliuliza.

“Sheria inamruhusu kila mtu apike, mama. Wewe na yeye.”

Alinyamaza kidogo, akaanza kuifunga kanga yake kama mtu anayetaka kuondoka, na katika kulalamika kwa mwisho akadondosha neno ambalo hakuwa amelitaja katika maelezo yake yote. Msichana wa kibanda cha pili, alisema, alikuwa na mazoea ya kuwaambia abiria kituoni kuwa nyama ya upande huu ni ya kibudu. Mwalimu alimwomba aketi tena.

Sasa maswali yalibadilika. Je, maneno yalimtaja yeye kiasi kwamba aliyesikia alijua anasemwa nani? Yalisemwa mbele ya watu wengine, na wako tayari kuja kusema walichosikia? Nyama huinunua wapi? Alijibu kuwa huinunua bucha, ikiwa na muhuri wa daktari wa mifugo, na kwamba kondakta mmoja ambaye hakuwahi kuhama ndiye aliyemletea habari. Swali la bucha halikuwa la adabu tu, kwa kuwa katika madai ya kashfa ukweli ni kinga kamili, na wakili asiyemchunguza mteja wake mwenyewe kwanza huchunguzwa na upande wa pili mahakamani. Nilikumbuka pia kilichokuwa kimetusumbua darasani: kashfa ya mdomo, tofauti na ile ya maandishi, kwa kawaida humtaka mdai athibitishe hasara mahususi, isipokuwa katika aina chache za maneno, na mojawapo ni yale yanayomchafua mtu katika kazi au biashara yake. Kumwambia Mswahili kuwa mpishi fulani anamlisha kibudu ni kumfungia mpishi huyo jiko.

Basi yule mama alipoona anasikilizwa, alitaka tumjue kuwa yeye hana roho mbaya, na kwa ushahidi akatusimulia kuwa hata kijana aliyeungua kwake alimlipia matibabu zahanati. Mwenzangu na mimi tuliinua vichwa kwa pamoja. Benchi lake, alieleza bila wasiwasi wowote, lilikuwa na mguu uliolegea, naye alikuwa ameuwekea jiwe akisubiri fundi. Mteja akakaa, benchi likapinduka, na bakuli la supu ya moto likammwagikia mapajani. Tena, aliongeza, kijana mwenyewe alikuwa akijibembeza akibishana habari za Simba na Yanga.

Aliyekuja kudai alikuwa ametueleza, kwa hiari yake, karibu vipengele vyote vya dai la uzembe dhidi yake mwenyewe. Wajibu wa uangalifu haukuhitaji kutafutwa mbali. Katika Donoghue dhidi ya Stevenson, shauri lililotoka mji wa Paisley, Scotland, na kuamuliwa na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya Uingereza, mwaka 1932 kwa majaji watatu dhidi ya wawili, Lord Atkin alisema jirani yangu kisheria ni yule anayeguswa na tendo langu kwa ukaribu kiasi kwamba ninapaswa kumfikiria ninapolitenda, na mteja anayekalia benchi langu hawezi kunitoka akilini. Uamuzi huo, niseme kwa wanaopenda ubishi huu, ni wa baada ya 22 Julai 1920, tarehe ambayo sheria yetu inaitaja katika kuipokea sheria ya Uingereza, kwa hiyo nguvu yake kwetu ni ya kushawishi tu, haizifungi mahakama zetu. Sijamwona wakili wa Tanzania aliyefika mbali kwa hoja hiyo. Wajibu ulivunjwa alipoijua hatari na kuitibu kwa jiwe, ilhali msumari mmoja ungetosha. Bila mguu ule kulegea kijana asingeungua, na kuungua ni madhara ambayo mtu yeyote mwenye busara angeyaona yakija panapouzwa supu. Kujibembeza kwake kungeweza kupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wake, lakini hakungeifuta.

Mwalimu hakumtisha. Alimwambia atunze stakabadhi za zahanati, kwamba kijana ana miaka mitatu ya kufungua madai, na kwamba benchi litengenezwe siku hiyo hiyo, si kwa ajili ya shauri lililopita bali kwa ajili ya mteja atakayekaa kesho.

Kuhusu kibudu, iliandikwa barua ya kutaka maneno yakome na radhi iombwe, la sivyo madai yangefunguliwa. Baadaye Mwalimu alituarifu darasani kwamba pande zote mbili zilikutana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, msichana akaomba radhi, na kondakta yule yule akawa shahidi. Wali wa upande wa pili uliendelea kuuzwa shilingi 1,000, na muhula ulipoisha swali la kwanza la mtihani lilikuwa na wapishi wawili na barabara katikati yao.