Korongo taji wa vitenge: nilivyomshona

Ukitaka kumshona korongo taji, yule ndege mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, awe picha ya ukutani ya vipande vya vitenge, fikiria bawa kabla ya taji. Bawa lililokunjwa lina kijivu, nyeupe, manjano ya majani makavu na hudhurungi iliyokolea, zote zikigusana. Vitambaa vikikaribiana ung'avu, ndege anageuka doa. Ndiyo maana vitambaa nilivipanga kwanza mezani, nikavipiga picha ya nyeusi na nyeupe kwa simu. Viwili vilivyotoka na weusi uleule, kimoja nilikiondoa hata kama rangi zao zilikuwa mbalimbali.

Picha iliyokamilika ni sm 60 kwa 90. Ardhi yake, yaani kitambaa ambacho ndege anabandikwa juu yake, nilikata sm 64 kwa 94, kwa kuwa mishono mingi huvuta kitambaa ndani, nikachagua kijani cha giza ili dhahabu ya taji ionekane. Vitenge nilivifua kwa maji ya moto: dawa ya kiwandani huzuia gundi ya pasi, ile inayoyeyuka kwa joto na kubandika vitambaa, isishike, na pamba isiyofuliwa husinyaa baadaye. Chekundu nilikilowesha, nikakikandamiza kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Kinachochuja hakifai kabisa, kwani wekundu wa korongo huyu unagusana na shavu jeupe.

Nilimchora kwa ukubwa kamili, kila kipande na namba yake, kisha nikanakili mchoro ukiwa umegeuzwa kwenye karatasi ya gundi ya pasi. Gundi hukaa nyuma ya kitambaa, kwa hiyo mchoro usiogeuzwa hutoa ndege anayetazama upande wa pili. Kipande kinachoingia chini ya kingine nilikiongezea mm 5, la sivyo ardhi huchungulia kati ya manyoya mshono ukishavuta. Manyoya ya bawa niliyakata kwenye sehemu za kitenge zenye mistari, mistari ikifuata urefu wa unyoya. Maua makubwa huvunja umbo la ndege. Hayo niliyapeleka kwenye mafunjo anamosimama.

Kubandika huanza na kilicho nyuma: miguu, mkia, mwili, bawa kutoka manyoya marefu ya chini kupanda juu, shingo, mwisho kichwa. Pasi ikandamizwe na kuinuliwa. Ukiiburuta, ncha nyembamba zinapinda.

Chini ya picha niliweka blanketi jepesi la pamba, na chini yake kitambaa cha nyuma, vyote viwili vikizidi sm 5 kila upande. Nikashikiza tabaka zote tatu kwa nyuzi ndefu kila baada ya sm 10. Kisha sindano namba 14, meno ya cherehani yanayosukuma kitambaa yakiwa yameshushwa, nikashona kuanzia katikati kwenda pembeni. Mikono ikikimbia kuliko mashine, sindano hupinda na kuvunjika. Uzi wa chini ukitokeza juu, legeza mkazo wa uzi wa juu.

Kinachoharibu kazi nyingi za namna hii ni wingi wa mishono usiolingana. Ndege akijaa mishono na ardhi ikaachwa wazi, ardhi inafanya mawimbi ambayo pasi haiyaondoi. Nilijaza ardhi kwa mistari ya mafunjo iliyoachana sm 1 hivi, karibu sawa na manyoya.

Taji halina kitambaa hata kidogo. Ni nyuzi tu, manjano iliyokolea kwanza, halafu manjano hafifu juu yake. Kila mstari unatoka nyuma ya kisogo, unakwenda hadi ncha na kurudi palepale ili unene. Urefu wa mistari usilingane, maana taji lililosawazishwa hufanana na brashi.

Nilipunguza kingo hadi kipimo, nikazungushia utepe wa upana wa sm 6 uliokunjwa mara mbili. Vipande vinne vilivyokatwa kwa upana wa kitenge vinatosha na kubaki. Nyuma, juu, nilishona mfuko wa kupitishia ufito kwa mkono, nikiuacha ulegee kidogo upande wa ukutani. Ukibana, ufito huvimbisha picha kwa mbele, na uvimbe huo unaangukia usawa wa taji.