Mtoto mwenye mapepe sio lazima awe na ADHD, na yule mpole usimsahau

Siku hizi kila mtoto asiyetulia kanisani anaambiwa ana ADHD, ile hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtoto ashindwe kukaza umakini au kutulia, na wakati huohuo yule aliye nayo kweli anachapwa tu mpaka anaichukia shule. Mimi nafundisha darasa la tatu, wazazi wananifuata baada ya kengele, mwalimu, huyu wangu vipi, ana hicho kitu wanachosema TikTok? Jamani mimi sio daktari. Ila mtoto nashinda naye siku nzima, kwahiyo kuna vitu naviona mimi ambavyo daktari wa nusu saa hawezi kuviona.

Kwanza mjue hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Mtu akikuuzia kipimo cha hivyo shika pochi yako vizuri. Kinachofanyika ni maongezi marefu na mzazi, kuanzia mimba na uzazi ulivyokuwa, mtoto kaanza lini kutembea na kuongea, kuna nani mwingine kwenye ukoo yuko hivyo (maana inarithiwa sana hii, ndo maana baba mtu anakuja anacheka, "hata mimi nilikuwa hivihivi" 😂), halafu madodoso yanajazwa nyumbani na shuleni. Vigezo vinavyotumika sana ni vya DSM-5, kitabu cha Wamarekani cha kutambua matatizo ya afya ya akili, cha mwaka 2013. Kina dalili 18, 9 za kukosa umakini na 9 za mapepe na papara, mtoto anatakiwa awe na 6 au zaidi upande mmojawapo au pande zote mbili, zimekaa miezi 6 au zaidi, baadhi zimeonekana kabla hajafika miaka 12, zinamkwamisha kweli kwenye maisha yake, na zinaonekana sehemu zaidi ya moja.

Hapo kwenye sehemu zaidi ya moja ndo wengi tunapita haraka. Kama mtoto anasumbua shuleni tu lakini nyumbani, madrasa na kwa bibi yake wanamsifia, basi tuulize shule kwanza, maana kuna watoto wamebanana wanne kwenye deski moja na joto la Dar la mwezi wa pili, hata mimi singetulia. Na kama ni nyumbani tu, tuulize pale nyumbani kumetokea nini, msiba, ugomvi wa wazazi, kahamishiwa kwa shangazi juzi tu.

Halafu vitu vya mwili, hapa ndo naombaga sana watu wasiruke. Mtoto anaitwa haitiki tunamwita jeuri kumbe sikio linatoa usaha tangu mwaka jana. Anakopi vibaya kumbe haoni ubaoni. Kuna kifafa kile cha kuduwaa, mtoto haanguki wala hatoi povu, anakodoa macho sekunde chache tu kisha anarudi hajui tumefika wapi, mwalimu anaona anaota ndoto za mchana. Kuna mwenye nyama za puani anakoroma usiku kucha, asubuhi hana usingizi wa kutosha, na mtoto aliyekosa usingizi wakati mwingine hasinzii, anakuwa mapepe zaidi! Kuna upungufu wa damu, na kuna waliopona malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, hizo zinaweza kuacha shida ya umakini.

Wanaonisikitisha mimi ni wasichana. Sio wote, ila mara nyingi msichana haruki juu ya meza, anakaa nyuma kimya, anaangalia dirishani, penseli zinapotea kila siku, daftari limeishia katikati ya zoezi, na kwenye ripoti tunaandika "mzembe, aongeze bidii". Hakuna anayempeleka popote kwasababu hasumbui mtu.

Na hii ya "mbona katuni anaangalia masaa mawili katulia" sio ushahidi kwamba hana. Kitu anachokipenda kinamshika, kazi iko kwenye kile kisichomvutia.

Ukienda hospitali kubwa yenye kliniki ya watoto au ya afya ya akili, unaweza kupewa fomu ya Vanderbilt, moja ya yale madodoso niliyosema, ni ya miaka 6 mpaka 12, ya mzazi ina maswali 55 na ya mwalimu 43, unajaza inatokea mara ngapi, kamwe, mara chache, mara nyingi, mara nyingi sana. Usinijazie mimi mwalimu eti kwasababu niko bize, na usinionyeshe ya kwako kabla sijajaza yangu, kwasababu faida yake yote iko kwenye kulinganisha. Fomu peke yake haitoi jibu, daktari ndo anaunganisha. Na kama mtoto hajafika miaka 6, kwa kawaida wanaanza na kuwafundisha wazazi namna ya kuishi naye, sio dawa.

Siku ya kliniki beba madaftari yake ya muhula mzima, yote, hata yaliyochanika, sio lile moja safi ulilomnunulia jana.