Dozi ileile, chumba kingine

Siku mdogo wangu alipozidiwa na unga wa heroini, aliapa kwamba alitumia kiasi kilekile alichokizoea. Sikumwamini. Lakini alikuwa amemaliza miezi minne bila kugusa kete, na safari hiyo alijidungia chooni kwa mtu, si chumbani kwake.

Miezi minne peke yake inatosha kuua: mwili uliopumzika husahau kuhimili. Kuhusu choo, nilielewa niliposoma jaribio la mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake la mwaka 1982. Panya walipewa heroini katika chumba kimoja, dozi ikipanda taratibu, na maji ya sukari tu katika chumba kingine. Kisha wakadungwa dozi kubwa. Kati ya panya ambao hawakuwahi kuonja heroini, walikufa asilimia 96. Waliozoea, waliodungwa katika chumba cha heroini, walikufa asilimia 32. Waliozoea vilevile, ila wakadungwa katika chumba cha maji ya sukari, asilimia 64.

Nililia, kusema kweli. Ina maana mwili hujifunza mahali. Ukiona dalili za kila siku, mlango uleule, sindano ileile, unaanza kujikaza kabla dawa haijaingia. Dawa isipokuja, kule kujikaza kunageuka kiu. Ndiyo maana mdogo wangu, aliyekwisha kupona arosto, alikuwa akipita njia ya maskani anaanza kupiga miayo na kutokwa jasho. Sisi tukimwita mnafiki.

Kuna na upande wa pili. Panya akipewa amfetamini, dawa ya kuchangamsha, kwa vipindi, dozi ileile humfanya akimbie zaidi kila mara, badala ya kuizoea. Mwaka 1993 watafiti Terry Robinson na Kent Berridge walieleza kwamba kwa mraibu kutaka huongezeka hata raha isipoongezeka. Mdogo wangu alikwisha kuniambia hilo zamani: “Dada, siufurahii tena. Nautaka tu.” Nikamjibu kwa hasira. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Sasa anakunywa methadoni, dawa ya tiba inayochukua nafasi ya heroini. Tumemhamishia chumba cha nyuma, na njia ya maskani haipiti tena. Naloksoni, inayoiondoa heroini kwenye vipokezi vya ubongo ili mtu apumue, iko kabatini. Mama alijifunza kuitumia kabla yangu.